Kaboni inajuaje kwamba inakwenda kuungana? Msaada kuhusu obitali na bondi za kovalenti

Binti_PCB aliandika:

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari zenu.

Niko Kidato cha Tano, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), mkoani Kagera. Tuna wiki ya tatu kwenye mada ya bondi, yaani jinsi atomu zinavyoshikana, na nimekwama mahali ambapo wenzangu wameshapita. Notisi nimesoma zote, na jedwali la sp, sp2 na sp3 nalijua kwa kichwa. Shida yangu ni kwamba siamini ninachokijua.

Tulielezwa hivi. Kaboni ina elektroni sita: mbili kwenye obitali ya 1s, mbili 2s, mbili 2p. Zisizo na mwenza ni zile mbili za 2p tu, kwa hiyo ilitakiwa ishike haidrojeni mbili, ipatikane CH2. Lakini methani ni CH4. Basi hatua ya kwanza, elektroni moja ya 2s inapandishwa kwenda 2p. Hatua ya pili, 2s moja na 2p tatu zinachanganyika, zinatoka obitali nne zinazofanana, ndizo sp3. Hatua ya tatu, kila moja inaingiliana na 1s ya haidrojeni. Tukachora vishale kwenye visanduku, tukafunga daftari.

Sasa maswali. Nani anaipa kaboni nishati ya kuipandisha hiyo elektroni? Haidrojeni bado hazijafika, inajuaje kwamba zinakuja nne? Na kama inakwenda kuwa ethilini (C2H4), inajuaje kuacha p moja bila kuichanganya? Niliuliza darasani nikaambiwa nisome mbele nitaelewa. Nimesoma mbele, sijaelewa.

Halafu obitali yenyewe. Notisi zinasema ni eneo ambamo uwezekano wa kuipata elektroni ni mkubwa. Haya, maeneo mawili yakiingiliana, kwa nini vitu vishikamane? Kivuli cha mwembe wetu kinagusana na kivuli cha mwembe wa jirani kila jioni, na miembe haivutani.

Na la mwisho: kitabu kimeweka alama ya + upande mmoja wa obitali ya p na − upande wa pili. Elektroni si zote hasi? Hiyo + inatoka wapi?

Mwenye moyo wa kunielewesha naomba, hata kama jibu ni refu.

Kombi_Kali aliandika:

Mdogo wangu, usijichoshe. Hesabu vitu vinavyoizunguka kaboni: vikiwa vinne ni sp3, vitatu sp2, viwili sp. Mtihani wa taifa unataka hivyo tu, mimi nilipita kwa njia hiyohiyo. Ukianza kuuliza atomu inajuaje, muhula utaisha na kemia ya kaboni hujaigusa.

Mwl_Mstaafu_Moro aliandika:

Marahaba binti yangu.

Nimefundisha kemia miaka 31, sasa nimestaafu niko Morogoro. Hilo la "kaboni inajuaje" nililisikia mara chache sana darasani, na kila aliyeliuliza alikuwa amesoma kwa makini kuliko waliokaa kimya. Ndugu yetu hapo juu amekupa njia ya kupata alama. Ni sahihi, itumie siku ya mtihani. Lakini wewe hukuuliza namna ya kupata alama.

Naanzia mwisho, kwenye mwembe, kwa sababu humo ndimo kosa lilimojificha, nalo limetoka kwenye notisi. Obitali si kivuli wala si eneo. Ni wimbi. Lile eneo mnalochora hupatikana baada ya kulizidisha wimbi kwa lenyewe, na ukishafanya hivyo alama zinapotea, maana hasi mara hasi ni chanya. Notisi zimekupa kilichobaki mwishoni. Kuungana kunatokea kabla ya hapo, wakati mawimbi bado yana alama zake.

Tafuta mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, mita kumi hivi. Ulaze sakafuni kwenye korido, wewe ushike ncha moja na mwenzako ncha nyingine. Katikati simamisha kipande cha chaki wima, kando ya mpira upande wa dirishani, mbali kidogo kiasi kwamba kinundu cha mtu mmoja hakikifikii. Kisha wote kwa pamoja pigeni mkono mara moja, haraka, kuelekea dirishani. Vinundu viwili vitakimbiliana, vikikutana katikati vinakuwa kimoja kikubwa na chaki inaanguka. Rudieni, safari hii wewe piga kuelekea dirishani, yeye kuelekea mlangoni. Pale vinapokutana mpira unanyooka kana kwamba hakuna aliyeugusa, na chaki inabaki imesimama. Nilifanya hivi kila mwaka kabla sijaandika neno lolote ubaoni.

Hizo + na − za kitabuni ndizo dirisha na mlango. Ni upande ambao wimbi limeinamia, basi. Hazina uhusiano na chaji. Elektroni inabaki hasi kotekote.

Sasa lete haidrojeni mbili. Kila moja ina wimbi lake la 1s. Chukua nukta iliyo katikati ya viini viwili, tuseme pale kila wimbi lina kimo cha 1. Kama ni vivuli tu, ungezidisha kila kimoja kwa chenyewe na kujumlisha: 1 na 1, unapata 2. Lakini mawimbi hujumlishwa kwanza, ndipo yanazidishwa: 1 na 1 ni 2, mbili mara mbili ni 4. Ukirekebisha hesabu ili jumla ya elektroni isiongezeke, ziada hiyo inapungua sana, ila haiishi. Elektroni zimeongezeka katikati, mahali ambapo kila moja inavutwa na protoni zote mbili kwa pamoja. Hicho ndicho kinachoshikilia. Miembe yako haina mawimbi ya kujumlisha, ndiyo maana haivutani.

Mawimbi yale yale yakikutana kwa alama tofauti, 1 toa 1 ni sifuri. Katikati panakuwa patupu, viini vinatazamana uso kwa uso bila pazia, vinasukumana. Hiyo ni obitali ya kupinga bondi. Zingatia hili: ukiingiza mawimbi mawili, lazima yatoke mawili, moja la kufunga na moja la kupinga. Haidrojeni mbili zina elektroni mbili, zote zinakaa kwenye lile la chini. Heli mbili zina elektroni nne: mbili zinafunga, mbili zinapinga, na kupinga kunagharimu zaidi kidogo ya faida ya kufunga. Ndiyo maana heli inatembea peke yake.

Waliokokotoa bondi ya haidrojeni kwa mawimbi kwa mara ya kwanza ni vijana wawili, Walter Heitler na Fritz London, mjini Zürich mwaka 1927. Heitler alisimulia baadaye kwamba ilikuwa siku ya hali ya hewa ya kuchosha, akalala mchana hadi saa kumi na moja jioni, akaamka picha ya mawimbi mawili yaliyounganishwa kwa + na − iko wazi kichwani, akamwita London, wakafanya kazi hadi usiku sana. Bondi waliyoipata kwenye karatasi ilikuwa dhaifu kuliko ile ya kweli, lakini ilikuwapo. Kabla ya hapo wakemia walikuwa wakichora kistari kati ya H na H bila mtu kuweza kusema kistari hicho ni nini.

Viini vikisogeleana sana navyo vinasukumana, kwa hiyo kuna umbali mmoja ambao nishati ni ya chini kabisa. Kwa haidrojeni ni pikomita 74 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Kuzitenganisha atomu za moli moja, gramu mbili tu za gesi, unahitaji kJ (kilojuli) 436 za nishati. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka inahitaji kama kJ 335.

Turudi kwenye kaboni. Zile hatua tatu si matukio. Hakuna saa wala nukta ambayo kaboni ilikaa imepandisha elektroni ikisubiri wageni. Ni mistari ya hesabu, kama mwenye duka anavyoandika gharama huku na mapato kule. Gharama ya kupandisha ni kama kJ 400 kwa moli. Kila bondi ya C–H inarudisha kama kJ 415. CH4 ina bondi mbili zaidi ya CH2, yaani zaidi ya kJ 800 kwa gharama ya 400. Faida ipo, basi molekuli ipo. Ila katika uhalisia haidrojeni ikisogea kidogo, mawimbi yote yameshabadilika kidogo. Ikisogea tena, yanabadilika tena, kila mara yakitafuta umbo lenye nishati ya chini kwa mpangilio wa viini uliopo wakati huo. Kaboni haijui kitu na haihitaji kujua. Maji yaliyomwagika mlimani hayajui mto uliko.

Na kuchanganya nako ni kujumlisha kulekule kwa kwenye mpira wa maji, ila sasa ni mawimbi ya atomu moja. Chora s: duara, + pande zote. Juu yake chora p: + kulia, − kushoto. Jumlisha. Kulia + na + zinakuzana, kushoto + na − zinapunguzana. Umepata umbo lenye tumbo kubwa kulia na kimkia kushoto. Badala ya kujumlisha, toa: tumbo linahamia kushoto. s moja na p moja zimekupa obitali mbili zinazopeana mgongo, nyuzi 180. Hiyo ndiyo sp nzima, hakuna siri nyingine. Faida yake ni lile tumbo: linamfikia jirani vizuri kuliko s au p tupu, kuingiliana kunakuwa kukubwa. Linus Pauling aliichapisha hoja hii mwaka 1931 akaeleza kwa nini methani ina bondi nne zinazolingana.

Pembe zenyewe huhitaji kuzikariri. Kwa obitali mbili za spn (sehemu moja ya s kwa n za p) zinazofanana, kosaini ya pembe kati yake ni −1 gawa kwa n. Weka n = 1, unapata 180. n = 2, unapata 120. n = 3, unapata 109.5. Chukua kikokotozi uone mwenyewe.

Kwa ethilini, kila kaboni ina majirani watatu, mchanganyiko wenye nishati ya chini ni sp2, na p moja inabaki imesimama wima. P mbili za jirani zikiwa sambamba zinagusana ubavu kwa ubavu, juu na chini ya molekuli: ndiyo bondi ya pai. Mguso wa ubavu ni hafifu kuliko ule wa ana kwa ana, unaoitwa bondi ya sigma. Bondi moja ya C–C ni kama kJ 347, mbili kwa pamoja kama 610, kwa hiyo pai peke yake haifiki 270. Ukiizungusha kaboni moja nyuzi 90, p hizo hazigusani tena, na unalipa karibu bei hiyo yote. Ethani, isiyo na pai, inazunguka kwa kJ 12 tu.

Uko Kagera, umeona ndizi zinavyovundikwa shimoni kwa majani na moshi. Moshi una ethilini, na ndizi zenyewe zinaitoa. Ndani ya seli zake kuna kipokezi chenye shaba, na shaba hiyo inaishika ethilini kwenye lile wingu la pai. Ethani ina kaboni mbili vilevile, lakini haina wingu hilo, na haiivishi ndizi.

Fundi_Gesi_Gerezani aliandika:

Mwalimu shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea kwa gesi, mwaka wa 18 sasa. Nimesoma yote na hapo kwenye pai nina swali la kazini.

Zamani gesi tulitengeneza wenyewe. Pipa lina maji, mawe ya kabaidi yako kwenye kikapu cha chuma, ukiyashusha yanafoka, gesi ya asetilini inatoka na chini yanabaki matope meupe kama chokaa. Harufu yake kama kitunguu saumu. Siku hizi natumia mtungi. Tumeonywa tusiulaze na tusiipandishe presha, eti inaweza kulipuka yenyewe hata pasipo oksijeni. Sasa asetilini si ndiyo yenye bondi tatu? Kama bondi tatu ni imara kuliko moja, mbona hii ndiyo gesi ya kuogopwa?

Mwl_Mstaafu_Moro aliandika:

Marahaba fundi. Hilo swali ungenipa nilipokuwa bado kazini, ningelipeleka darasani.

Asetilini ni sp: sigma moja, pai mbili, molekuli imenyooka kama rula. Kaboni zake ziko pikomita 120, karibu kuliko ethilini yenye 134 na ethani yenye 154. Kuivunja bondi hiyo tatu kunataka kama kJ 837, kweli ni nyingi. Lakini linganisha na bondi za moja-moja zikiwa tatu: 347 mara tatu ni 1041. Kaboni hizo zingeweza kupata faida kubwa zaidi zingepangwa upya. Asetilini inabeba kJ 227 kwa moli juu ya kaboni ya kawaida na haidrojeni ilikotoka. Ikianza kuvunjika, inakuwa masizi na haidrojeni, na deni lote linatoka kwa mara moja kama joto. Hapo oksijeni haihitajiki. Ukiiongezea oksijeni kwenye bomba lako, mwali unapita nyuzi 3,000.

Ndani ya mtungi wako mna kitu kigumu chenye vitundu vidogo sana kilicholowa asetoni, na gesi imeyeyuka humo ili molekuli zisisongamane. Ukiulaza, asetoni inakimbilia kwenye vali. Usiulaze. Matope yale ni chokaa hasa, kalsiamu haidroksaidi, na harufu ya kitunguu saumu ni ya fosifini, uchafu uliomo kwenye kabaidi.

Mkemia_Maabara aliandika:

Mwalimu, heshima yako. Naomba niongeze mawili, moja ni la kukusahihisha kidogo.

La kwanza. Mchanganyiko wa obitali za atomu moja unatosha kwa methani, ila kwa oksijeni haufiki. Nilipokuwa masomoni India, mwalimu wetu alimimina oksijeni ya kimiminika, buluu hafifu, nyuzi −183, katikati ya ncha mbili za sumaku kubwa. Ikakaa pale imening'inia kama daraja, ikichemka polepole mpaka ikaisha. Alipomimina naitrojeni ilipita moja kwa moja hadi chini. Ukichora O=O kwa nukta kama mkemia Gilbert Lewis alivyotufundisha tangu 1916, elektroni zote zina wenza na sumaku haina cha kushika. Ukijumlisha mawimbi ya atomu zote mbili, yale ya 2p yanatoa matatu ya kufunga na matatu ya kupinga. Elektroni nane: sita zinafunga, mbili zinabaki. Na obitali za pai za kupinga ziko mbili zenye nishati sawa, kwa hiyo kila elektroni inachukua yake. Sita toa mbili, gawa kwa mbili: bondi mbili, kama Lewis, ila kuna elektroni mbili zisizo na mwenza za kushikwa na sumaku. Lennard-Jones alilieleza hilo mwaka 1929.

La pili. Methani ikipigwa kwa mwanga wenye nguvu ili itoe elektroni, elektroni za bondi zinatoka kwa bei mbili: kama eV 14 na kama eV 23 (eV, elektronivolti, ni kipimo cha nishati). Zingekuwa zinakaa kwenye sp3 nne zinazofanana, si tungeona bei moja?

Halafu kwa Binti: kuvutwa na protoni mbili ni nusu ya sababu. Elektroni ikibanwa mahali padogo nishati yake ya mwendo hupanda. Ikipewa nafasi ya atomu mbili inapumua, nishati hiyo inashuka, na kwa haidrojeni mchango huo ni mkubwa mno pale atomu zinapoanza kukaribiana.

Mwl_Mstaafu_Moro aliandika:

Nimekubali yote, na la nishati ya mwendo nilipaswa kulisema mwenyewe.

Kuhusu methani, Binti asije akachanganyikiwa. Shilingi elfu kumi ni zilezile ukiwa na noti tano za elfu mbili, au moja ya elfu nne kama ingekuwapo na tatu za elfu mbili. Wingu zima la elektroni nane za bondi halibadiliki ukilihesabu kwa sp3 nne au kwa mawimbi yanayoenea molekuli nzima. Tofauti inajitokeza pale mtu anapochukua elektroni moja. Hapo methani inajibu kwa mawimbi ya molekuli nzima: moja la chini lililotokana na s ya kaboni, na matatu yanayolingana yaliyotokana na p zake tatu. Ndizo bei zako mbili. Kwa umbo la molekuli, sp3 zinatosha. Kwa kutoa elektroni, hazitoshi.

Binti_PCB aliandika:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimesoma jana mara mbili na leo mara moja.

Mpira wa maji tuliupata kwa mlinzi wa bustani ya shule, mimi na rafiki yangu wa kitanda cha juu. Chaki ilianguka ile mara ya kwanza tu. Tulipopiga kinyume ilibaki imesimama mara tano kati ya saba, na zile mbili nadhani hatukuanza kwa pamoja. Wenzetu wa PCM (wanaosoma Hisabati badala ya Baiolojia) walikuja wakakaa sakafuni wakataka kujaribu, tukakosa chakula cha jioni cha mapema.

Halafu nilichukua ile kanuni ya −1 gawa kwa n nikaigeuza. Pembe ya maji ni 104.5, kosaini yake −0.25, kwa hiyo n inakuwa 4. Yaani sp4! Kwenye notisi maji ni sp3. Nikajaribu haidrojeni salfaidi, pembe yake imeandikwa 92, nikapata n karibu 29. Nimerudia mara tatu. Nimekosea wapi?

Mwl_Mstaafu_Moro aliandika:

Hujakosea popote. Hizo n hazidaiwi kuwa namba nzima, wala kutimia tatu. Zinakuambia ni kiasi gani cha s kimeingia kwenye obitali inayofunga: sehemu moja ya s kwa n za p. Kwenye maji, bondi za O–H zina s asilimia 20, si 25 kama za methani. S iliyobaki imekwenda kwa elektroni zisizofunga, ambazo zinaipenda kwa sababu nishati yake iko chini.

Kwenye salfaidi umepata s chini ya asilimia 4. Hiyo ni karibu p tupu, na p mbili zina nyuzi 90 kati yake, ndiyo maana pembe ni 92. Salfa ni kubwa, haidrojeni zake ziko pikomita 134 kutoka kwenye kiini wakati za maji ziko 96, hazibanani, kwa hiyo faida ya kuchanganya haifidii gharama. "Maji ni sp3" ni kifupisho cha mtihani. Kiandike kwenye mtihani, na hesabu yako ibaki nayo kwenye daftari.

Amonia ni nyuzi 107. Ipige.

Binti_PCB aliandika:

3.4, mwalimu. Iko kati ya methani na maji.